Chai ya Baba

Kiharusi kilimwachia Baba mguu, kikamwachia maneno, kikamnyang'anya chai. Uji mzito wa wimbi unapita, mursik pia. Chai ni nyepesi mno. Inateleza kabla koo halijajifunga, inaingia njia ya hewa, anapaliwa mpaka macho yanamtoka. Miezi mitatu sasa hapa Lanet tunakunywa yetu jikoni, kama wezi.

Mtaalamu alitupa kibomba cha plastiki chenye springi na vali ndani. Unabana pua, unavuta hewa, unapuliza. Vali haifunguki mpaka pumzi ifikie nguvu iliyowekwa. Kupuliza hivyo kunaipa kazi misuli ya kukohoa, na ile ya chini ya kidevu inayoinua koromeo tunapomeza. Pumzi 25 kwa siku, siku 5 kwa wiki, wiki 5. Kwanza presha yake ilipimwa, maana si mchezo.

Nilikijaribu mimi kwanza. Mashavu yakajaa kama ya mpiga tarumbeta, vali kimya. Baba akacheka, kile kicheko chake cha upande mmoja.

"Ugali yote hiyo unakula, mama, inaenda wapi? Lete hiyo kitu."

Ikamkatalia pia. Nikalegeza springi kama tulivyoonyeshwa. Pumzi ya nne ikatoka: psss.

Akatazama jikoni. "Sasa chai."

"Bado, Baba. Wiki tano."

Akanyamaza kidogo, akikigeuzageuza kibomba mkononi.

"Basi wewe kunywa yako hapa. Nisikie harufu."