Mganga Hajigangi: Nguvu za Mwanzo za Mwenye Uganga katika Kundi

Jioni moja katika mtaa wa Mfaranyaki, mjini Songea, kijana aliyekuwa nyumbani kwa likizo ya chuo alikaa sebuleni kwa babu yake akicheza mchezo wa kompyuta. Mchezo wenyewe, Baldur's Gate, ulitolewa mwaka 1998, kabla yeye hajazaliwa. Ni mchezo wa safari na vita katika nchi ya kubuni. Mchezaji humwongoza mhusika mmoja, ambaye huwakuta wenzake njiani na kuunda nao kundi lisilozidi watu sita. Kisha kundi hilo hupigana kwa pamoja. Miongoni mwa waliotangulia kujiunga alikuwamo mtu mwenye joho. Walipokutana na mbwa-mwitu porini, mwenye joho aliumwa mara moja tu, akaanguka.

"Babu, huyu mchawi hana faida," kijana alilalamika. "Wenzake wote wazima, yeye kaumwa mara moja tu, kafa."

Babu, mwalimu mstaafu, alikisogeza kiti chake karibu. "Huyo si mchawi, mjukuu wangu. Mchawi hawezi kukaa kundini mwenu mkapata usingizi. Usiku mnalala?"

"Tunalala, babu. Asipolala hapati tena uganga wake."

"Basi huyo ni mganga."

Mazungumzo hayo mafupi yanaibua maswali mawili ambayo makala haya yanakusudia kuyafuata. La kwanza ni la msamiati: mtu huyo aitweje kwa Kiswahili? La pili ni la nguvu zake: mwanzoni mwa safari, wakati kundi zima bado ni changa, mwenye uganga ni dhaifu kuliko wote au ni mwenye nguvu kuliko wote? Mji wa Songea una sababu yake ya kulijali swali hilo la pili, kama itakavyoonekana.

Tuanze na msamiati. Wafasiri wa hekaya na michezo ya kigeni aghalabu humwita kila mwenye nguvu za ajabu "mchawi". Katika Kiswahili, hata hivyo, mchawi na mganga hawatofautiani kwa kiasi cha nguvu zao, bali kwa mahali wanaposimama miongoni mwa watu. Mchawi hudhuru walio karibu naye. Methali isemayo "mchawi mpe mwana kulea" isingekuwa na maana kama mchawi angekuwa mtu wa mbali. Yumo humo humo mtaani, na huenda akawa ndugu. Kisarufi, nomino hiyo haina kitenzi chake katika matumizi ya kawaida ya leo: mchawi huroga. Mganga, kwa upande wake, amejengwa juu ya kitenzi -ganga, yaani kutibu na pia kuunga kilichovunjika. Mtu huganga njaa, na wahenga walituhimiza tugange yajayo. Shina hilo limeenea katika lugha nyingi za Kibantu: kwa Wakongo ni nganga, kwa Washona ni n'anga.

Kitenzi -ganga kinadai mtendwa. Mganga ni mganga kwa kuwa yuko anayegangwa. Methali "mganga hajigangi" inakileta kiambishi rejeshi -ji- kwa ajili ya kukikanusha tu: uwezo huo huenda kwa wengine, haurudi kwa mwenyewe. Hata maneno yanayoandamana na kazi yake, kama vile kago, zindiko, kinga na hirizi, kwa sehemu kubwa ni maneno ya kulinda. Babu wa Mfaranyaki hakutumia istilahi hizi, lakini hukumu yake ilikuwa sahihi. Anayelala kundini bila wenzake kumwogopa hawezi kuitwa mchawi.

Sasa tugeukie nguvu zake. Katika kanuni za mchezo ule, mpiganaji wa ngazi ya kwanza anaweza kuwa na alama 10 za uhai, bila kuhesabu nyongeza ya siha. Mwenye joho hazidi 4. Mpiganaji hupiga upanga kutwa nzima. Mwenye joho ana tamko moja tu la uganga, au mawili akiwa bingwa wa tawi maalumu, na baada ya hapo hana budi kulala ndipo alipate tena. Kwa hesabu hiyo kijana alikuwa na haki ya kulalamika. Lakini miongoni mwa matamko hayo ya ngazi ya kwanza limo la usingizi. Likitamkwa kwa wakati wake, maadui dhaifu waliokusanyika pamoja hulala wote, na vita ambavyo vingewaua watu sita humalizika bila jeraha. Mchezo wa Wizardry wa mwaka 1981 nao ulikuwa na tamko la namna hiyo, liitwalo katino, ambalo wachezaji walilitegemea tangu hatua zao za mwanzo. Hivyo wanaosema ni dhaifu wanahesabu mwili wake, na wanaosema ni mwenye nguvu wanahesabu saa moja ya vita. Pande zote mbili husema kweli.

Watunzi wa kanuni hizi wenyewe hawakutulia juu ya jambo hilo. Toleo la nne la Dungeons & Dragons, mchezo mama wa michezo hii, lilimpa mwenye uganga mwaka 2008 matamko madogo yasiyokwisha. Toleo la tano la mwaka 2014 lilifuata njia hiyo, na Baldur's Gate 3 ya mwaka 2023 imejengwa juu yake. Mwenye joho wa leo hakai tena mikono mitupu baada ya tamko lake la kwanza. Amepewa kazi kama ya mpiga upinde, ya kurusha kitu kila zamu yake inapofika.

Mabadiliko hayo yanaeleweka vizuri zaidi tukikumbuka asili ya mhusika huyu. Kabla Gary Gygax na Dave Arneson hawajachapisha Dungeons & Dragons mwaka 1974 nchini Marekani, palikuwa na kanuni za mchezo wa vita vya vinyago, Chainmail, za mwaka 1971. Katika nyongeza yake ya mambo ya kubuni, mwenye uganga alirusha tufe la moto au radi, na eneo la madhara yake lilipimwa kwa kipimo cha manati kubwa na cha mzinga. Yeye mwenyewe hakudhurika kwa mishale ya kawaida. Silaha kubwa ya vita ndiyo iliyoweza kumwangusha. Kwa maneno mengine, mganga wa michezo hii alizaliwa akiwa mzinga uliovikwa joho. Kinga aliyokuwa nayo ilikuwa yake peke yake.

Msomaji wa Songea akifika hapa hawezi kuacha kufikiria mwaka 1905. Katika mji huo wenye Makumbusho ya Majimaji, na ambao hata uwanja wake wa mpira huitwa Majimaji, habari ya mganga aliyeahidi kuishinda silaha ya moto haikuanza na kompyuta.

Mambo yenyewe yanajulikana. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alipagawa na pepo aitwaye Hongo mwaka 1904, na watu wakamiminika kwake kuchukua maji ambayo, kwa imani yao, yangezigeuza risasi kuwa maji. Mwishoni mwa Julai 1905 Wamatumbi waling'oa mipamba ya serikali ya Kijerumani, na vita vikaanza. Tarehe 4 Agosti 1905 Kinjikitile alinyongwa huko Mohoro. Tarehe hizi mbili zinastahili kuwekwa bega kwa bega. Vita vilikuwa na siku chache tu, na mganga alikwisha kufa. Hakufia vitani; alikamatwa, akanyongwa. Mwenye joho wa Mfaranyaki naye alianguka kabla ya wenzake wote.

Lakini maji hayakufa pamoja naye. Wajumbe walioitwa pia hongo waliyapeleka kusini na magharibi: kwa Wangindo, Wapogoro, Wambunga, na hatimaye Ungoni, ambako Mputa Gama alitawala Njelu na Chabruma alitawala Mshope. Wangoni walikuwa na dawa zao wenyewe za vita na sifa ya jeshi lisilohitaji kufundishwa kupigana na mtu yeyote. Tena baadhi ya majirani hao walikuwa maadui zao wa zamani, watu waliowahi kuvamiwa na majeshi ya Ungoni. Hata hivyo waliyapokea maji. Septemba 1905 misheni ya Peramiho ilichomwa moto. Wangoni walipoingia vitani, mganga aliyeyaanzisha maji hayo alikuwa amekwisha kuzikwa.

Hapa ndipo nguvu za mwanzo za mganga zinapoonekana, nazo hazikuwa katika mwili wake, wala katika risasi. Zilikuwa katika kuwafanya watu ambao hawakuwa kundi wawe kundi. Watu wa lugha mbalimbali, wasio na mtawala mmoja, walishika miiko ya namna moja, ikiwamo ya kujitenga na wake zao wakati wa vita, na wakasimama dhidi ya dola moja. Hakuna mtemi wala nduna wa wakati ule aliyeweza kulifanya jambo hilo kwa upanga.

Mchezo wa kompyuta haumdai mganga wake kazi hii. Wenzake wako njiani wakingoja. Mchezaji hubonyeza kitufe cha kukubali, nao hufuata. Kundi linatolewa bure. Kwa kuwa kazi kubwa ya mganga imekwisha kufanywa na mtunzi kabla mchezo haujaanza, hapana budi atafutiwe kazi nyingine, naye hupewa ya mzinga. Huo ndio mzizi wa ubishi wa wachezaji. Wanampima mganga kwa kazi ya mtu mwingine, kisha wanashangaa kwamba ni dhaifu.

Yumkini kosa la mwaka 1905 lilikuwa na sura hiyo hiyo, ila gharama yake haikuwa ya mchezo. Nguvu ya kuunganisha ilitwishwa mzigo wa kuzuia risasi. Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu ya wapiganaji waliiendea boma ya Mahenge mbele ya bunduki za rashasha, na wengi wakafa. Oktoba mwaka huo kambi ya Wangoni nayo ilishambuliwa na jeshi lenye silaha kama hizo, na safu zao zikavunjika. Mchezoni tamko likiisha, kila mtu hujua limeisha, idadi imeandikwa. Maji hayakuwa na idadi. Yaliposhindwa, lawama ilimwendea aliyeyapokea, kwamba alivunja mwiko. Kwa njia hiyo uganga ulibaki mzima huku wanaogangwa wakifa. Ebrahim Hussein aliiona hatari hii katika tamthiliya yake Kinjeketile ya mwaka 1969, ambamo neno la mganga linakua hadi linampita mganga mwenyewe.

Yaliyofuata Ungoni hayana haja ya kupambwa. Mashamba na maghala yalichomwa, njaa ikafuata, na makadirio ya waliokufa katika vita vyote na njaa yake huanzia 75,000 hadi kufikia 300,000. Mputa alinyongwa, Chabruma akakimbilia upande wa Wareno. Tarehe 27 Februari huadhimishwa kila mwaka mjini Songea kwa kumbukumbu ya mashujaa walionyongwa mwaka 1906, na nduna Songea Mbano, ambaye mji unaitwa kwa jina lake, anakumbukwa pamoja nao. Novemba 1, 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika katika makumbusho hayo, akaomba msamaha.

Ndiyo maana swali la kijana si dogo. Wapo wanaoisimulia habari hii kwa kucheka: watu wazima, wakapakwa maji, wakaikabili rashasha. Kicheko hicho kinampima mganga kwa kipimo cha mzinga, na kwa kipimo hicho hana utetezi, wala makala haya hayamtafutii. Risasi hazikugeuka maji, na aliyesema zitageuka alisema uongo au alikosea. Lakini kipimo hicho hakielezi ni kwa nini Mngoni na adui yake wa zamani walikubali kufa kwa sababu moja. Anayecheka anaanza mchezo kundi likiwa limekwisha kusanyika, wala haulizi lilikusanywa na nani.

Pale Mfaranyaki kijana aliurudia mchezo kutoka mahali alipokuwa ameuhifadhi. Safari hii mwenye joho aliwekwa nyuma, na wenye ngao mbele. Mbwa-mwitu walipotokea, alitamka tamko lake moja. Wakalala wote, wapiganaji wakamaliza kazi.

"Umeona?" babu aliuliza.

"Nimeona. Sasa amekwisha, hana kitu tena mpaka tulale."

"Na hao wengine, nani aliwaleta pamoja?"

Kijana alifikiri kidogo. "Hakuna aliyewaleta, babu. Nimewakuta njiani, nikabonyeza hapa, wakaja."

Babu aliitazama ile sehemu ya kioo iliyooneshwa kwa kidole. "Kwetu hapakuwa na cha kubonyeza," alisema, akainuka kwenda kufunga madirisha, maana mvua ilikuwa inakuja kutoka upande wa Matogoro.