Nondo Asiye na Kinywa

Likitajwa neno "nondo" kanisani, wengi wetu tunakumbuka Mathayo 6, pale Bwana Yesu anapotuonya kuhusu hazina za duniani. Huyo ni nondo wa sandukuni. Sisi tunaoishi Kilwa na Lindi tuna nondo mwingine, wa misitu ya miombo. Ni mkubwa kama kiganja kilichofunguliwa, na mabawa yake ya nyuma yana madoa mawili kama macho. Mvua zikianza, huja kuzunguka taa zetu usiku.

Akiwa kiwavi hula majani ya miti bila kuchoka. Akishiba hushuka, hujichimbia udongoni, na kukaa kimya ndani ya ganda gumu miezi ya kiangazi. Anapotoka na mabawa, hana tena kinywa cha kulia. Huishi siku chache tu kwa akiba aliyoiweka zamani. Jike hutoa harufu, dume huinusa kutoka mbali kwa papasi zake zilizo kama manyoya. Wakishakutana, jike hutaga mayai mtini, kisha hufa. Akiba yote imetumika kwa ajili ya watoto ambao hatawaona.

Mungu ametuwekea fundisho hili msituni kwetu, na linatugusa hasa wakati wa kuandaa mashamba. Ufuta umesomesha watoto wetu na kuezeka nyumba zetu, hatuudharau. Lakini msitu mpya ukifyekwa na kuchomwa kila baada ya misimu michache, nondo anayetoka udongoni hakuti mti wa kutagia. Na wajukuu wetu je, watakuta nini?

Baadhi ya majirani zetu wameonyesha njia. Vijiji vya Kikole na Kisangi, wilayani Kilwa, vilitenga misitu yao, na mwaka 2009 vilipata cheti cha kimataifa cha uvunaji bora. Mpingo unavunwa kwa mpango, na fedha hurudi kijijini.

Katika Mwanzo 2:15 Adamu alipewa kazi mbili, kulima na kutunza. Hakuambiwa achague moja. Basi kabla ya kufungua shamba jipya mwaka huu, tujiulize kwa kweli: la zamani limechoka, au tumechoka sisi kulipalilia? Bwana atusaidie kujibu.