Nilidhani Nimetupa

Mimi ni nesi, nina miaka 52, naishi Bunia, mashariki mwa Kongo. Habari hii nimeisimulia kanisani mara mbili, na mara zote mbili niliruka sehemu yenye aibu kuliko zote. Naandika ili safari hii nisiiruke.

Mwaka 2007 nilifungua dispanseri ndogo, vyumba viwili na baraza, kwenye mojawapo ya kartie zinazoshuka kuelekea mto Ngezi. Mji ulikuwa bado unajikokota kutoka kwenye vita vya 2003. Watu walikuwa wanarudi, nyumba zinaezekwa upya, na mtu akipata mahali pa kutibiwa malaria bila kuvuka mji mzima alimshukuru Mungu. Nami nilishukuru. Kila asubuhi nilifagia baraza, nikapiga deki kwa klori, nikafua koti langu jeupe, hata majirani wakaniita Mama Safi. Jina hilo nililipenda kupita kiasi.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na shimo. Kila kitu kiliingia humo: pamba zenye damu, sindano, vichupa, mipira ya seramu, dawa zilizopita muda, na maganda ya ndizi za mlinzi. Jumamosi, kabla ya salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi, mlinzi alimwaga petroli akawasha. Moshi mweusi ukapanda, majirani wakafunga madirisha, basi. Mtu aliyesomea unesi anajua kwamba moto wa shimo hauli sindano. Plastiki inayeyuka na kutoa moshi wenye sumu, lakini chuma kinabaki kwenye majivu, kikali vilevile. Nilijua. Nilifundishwa. Ila shimo lilikuwa nyuma, na wagonjwa huingilia mbele.

Kuna jingine dogo ambalo bado linaniuma. Kipimajoto kilipovunjika, zebaki yake niliikusanya kwenye karatasi nikawapa watoto waliokuwa wakisubiri na mama zao. Zebaki inakimbia kiganjani kama ina roho, na watoto walicheka sana. Wachimbaji wa dhahabu waliotoka Mongbwalu walikuwa wanaitumia kukamatia vumbi la dhahabu, kisha wanaichoma juu ya makaa karibu na wake zao, kwa hiyo hakuna aliyenishangaa. Miaka mingi baadaye ndipo niliposikia kwamba kuna mapatano ya mataifa ya mwaka 2013 juu ya zebaki, yaliyopewa jina la Minamata, mji wa Japani ambako zebaki ya kiwanda iliingia baharini, kutoka baharini ikaingia kwenye samaki, kutoka kwenye samaki ikaingia kwa watu, na watoto wakazaliwa na ulemavu. Mimi niliigawa kama peremende.

Shimo lilijaa mwaka 2012. Mwenye nyumba hakutaka nichimbe jingine, maana nafasi ile alitaka kujenga chumba cha kupangisha. Nikapata vijana wawili wenye mkokoteni. Walikuja usiku mara moja kwa wiki, wakapakia magunia, nikawapa franka zao. Sikuwauliza wanapeleka wapi. Si kwamba nilisahau. Niliogopa jibu, kwa sababu jibu lingenigharimu. Walikuwa wanatembea peku, nami niliwaona, mimi niliyekuwa nikiwahimiza wagonjwa wangu wavae viatu wasipate minyoo.

Miaka minne ikapita hivyo.

Mwezi wa tatu mwaka 2016, siku ya mvua, mama mmoja anayeuza sombe, majani ya muhogo, aliingia akimvuta mwanawe wa miaka mitano. "Mama Dokta, huyu amejichoma huko mtoni. Walikuwa wanacheza hospitali." Mtoto alikuwa ameshika sashe ya plastiki. Nilipomwomba aifungue, aliimwaga mezani kwa fahari, kama fundi anayeonyesha vyombo vyake: seringi tatu, moja ikiwa bado na sindano yake, kipande cha mpira wa seramu, na kichupa kilichobandikwa plasta. Juu ya plasta kulikuwa na namba ya mgonjwa na tarehe. Mwandiko ulikuwa wangu.

Nilikiosha kidole kilichochomwa kwa maji na sabuni, mikono ikitetemeka. Mama yake nilimwambia nusu ya kweli: kwamba twende hospitali sasa hivi, kwa kuwa dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI lazima zianze kabla ya saa 72 kupita, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa. Hakuuliza sindano imetoka wapi. Nani angeuliza? Taka zimejaa kila mtaro, na mvua ikinyesha zinatembea zenyewe.

Daktari aliomba kadi ya chanjo. Hofu yangu kubwa ilikuwa homa ya ini ya aina ya B. Mtu asiyechanjwa akichomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa wa homa hiyo, uwezekano wa kuambukizwa unafika hata 30 kwa 100, wakati kwa UKIMWI ni kama 3 kwa 1,000. Na kirusi hicho cha ini kinaweza kukaa hai nje ya mwili siku saba. Yule mama akafungua fundo la kitenge kiunoni, akatoa kadi iliyokunjwa mara nne. Chanjo zote tatu za kuzuia homa hiyo zilikuwa zimewekwa alama. Hajui kusoma. Alikuwa amembeba mgongoni tangu kichanga, tarehe kwa tarehe, akapanga foleni hadi zikatimia. Mwanamke asiyejua kusoma alikuwa amemkinga mwanawe dhidi ya uzembe wa mwanamke aliyesoma.

Siku tatu sikulala. Ya nne nikaenda kwake, nikamkuta anatwanga sombe. Nikamweleza yote: shimo, vijana, magunia, kichupa chenye mwandiko wangu. Alikuwa anatwanga nilipoanza, na nilipomaliza alikuwa bado anatwanga. Halafu akausimamisha mchi. "Dawa zile anazitapika," akasema. "Utakuja kumpa wewe. Asubuhi na jioni."

Dawa zile hunywewa siku 28. Nilikwenda asubuhi na jioni. Nilisaga vidonge ndani ya ndizi mbivu, nikaimba, nikabembeleza, nikatapikiwa mapajani, nikaanza upya. Kuna jioni mtoto aliponiona mlangoni alijificha chini ya kitanda, nami nikakaa sakafuni nikingoja, na mama yake akaniletea kibao nikalie. Hakusema neno. Kibao kile nilikipokea kama mtu anayepokea kitu asichostahili, maana ndivyo ilivyokuwa.

Vipimo vya wiki sita, vya miezi mitatu na vya miezi sita vyote vilikuwa vizuri. Siku ya majibu ya mwisho, tukiwa njiani kurudi, yule mama alisema, "Mungu hamtupi mja wake." Msemo huo nimeusikia tangu utoto. Siku ile ulinikwama kooni, kwa sababu ya lile neno kutupa.

Kanisani huwa naishia hapo, na akina mama wanapiga vigelegele. Yanayofuata ndiyo niliyokuwa nikiyaruka.

Sikubadilika. Yaani nilibadilika miezi michache tu. Nilitafuta masanduku ya usalama, yale ya katoni ngumu ambayo moja linameza kama seringi 100 na linatakiwa kufungwa likijaa robo tatu. Nikaacha kuzirudishia sindano vifuniko vyake, jambo linalowachoma manesi wengi. Lakini sanduku likijaa, linakwenda wapi? Tanuri sikuwa nayo. Niliyapanga chini ya kitanda cha wagonjwa, moja juu ya jingine, mpaka yakafika 11. Wenzangu wenye dispanseri jirani walinicheka, wakaniuliza kama nafungua makumbusho. Biashara ilikuwa inadorora, kodi ya nyumba imepanda. Jioni moja nikawapigia simu wale vijana. Nikawanunulia viatu vya plastiki na glavu, nikajiona nimetubu. Walipoondoka na masanduku 11 nililala usingizi mzuri, na huo usingizi ndio unaonitia aibu kuliko yote.

Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba Ebola imezuka Kivu ya Kaskazini. Haikuchelewa kuingia jimbo letu la Ituri kupitia Mambasa, na baadaye Bunia nayo ikaonja. Mpaka ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 wamekufa. Manesi tuliitwa kufundishwa kwenye kituo cha matibabu. Nilidhani nitapelekwa moja kwa moja vitandani. Kumbe kila aliyeingia alianza kwa kushinda na watu wa usafi.

Nilipewa mzee mmoja aliyeishia darasa la nne. Moyoni niliona nimeshushwa. Mzee yule alipokea fuko lililonyunyiziwa klori ya asilimia 0.5, akaliingiza ndani ya fuko la pili, akalinyunyizia tena, akalishika shingoni bila kuligusisha na mguu wake, akatembea nalo hadi kwenye tanuri. Ilikuwa tanuri ya vyumba viwili: cha kwanza kinachoma taka, cha pili kinachoma moshi wenyewe, kwenye joto la digrii 850 na zaidi. Baada ya kutia mafuko hakuondoka. Alisimama ndani ya buti na aproni, jasho likimtiririka, mpaka moto ukaisha na majivu yakapoa. Akayachota, sindano zilizoungua zikiwa ndani, akayamimina kwenye shimo lenye kuta za saruji, akafunga mfuniko. Nilimuuliza kwa nini asiende kivulini huku moto ukifanya kazi. Akanijibu, "Lazima nione mwisho wake."

Miaka 20 ya unesi, na mimi sikuwa nimeona mwisho wa hata sindano moja.

Yule mzee ndiye aliyenifundisha pia kutenga. Katika kilo 100 za taka za hospitali, kama kilo 85 ni za kawaida tu: karatasi, maboksi, mabaki ya chakula. Zenye hatari ni 15 hivi. Mimi kwa kumimina zote pamoja nilikuwa nazigeuza zote 100 kuwa za hatari, kisha nalia kwamba ni nyingi mno, gharama ni kubwa mno. Ningetenga tangu mwanzo, mzigo wangu ungekuwa masanduku mawili au matatu kwa mwezi. Jambo rahisi namna hiyo, na mtoto wa mwenzangu akapimwa damu miezi sita.

Niliporudi kwenye dispanseri yangu niliwafuata wenzangu wawili kati ya wale walionicheka. Mmoja alikubali haraka, mwingine ilichukua mwaka. Sasa tunachanga nauli ya pikipiki moja, masanduku yetu yanapelekwa kwenye hospitali yenye tanuri, tunalipia kwa sanduku, na kila zamu mmoja wetu anafuatana nayo. Dawa zilizopita muda hatuzitupi tena ovyo. Tunazitia ndani ya pipa, na pipa likijaa linamiminiwa saruji. Wale vijana wa mkokoteni bado tunafanya nao kazi, ila mchana, na wanachukua maganda na maboksi tu. Maganda wanampelekea mama wa sombe, anayafanya mbolea ya bustani yake. Bado zipo sashe, ambazo serikali ilizipiga marufuku kwa dekreti ya tarehe 30 Desemba 2017, na ambazo leo asubuhi nimefungiwa nyanya ndani yake. Hizo sijazishinda.

Mwenye nyumba alikubali mwishowe nichimbe shimo dogo la vichupa, mbali na kisima kupita mita 50, lenye kuta za saruji na mfuniko wa chuma. Yule mtoto sasa ni kijana, ananipita barabarani akiendesha baiskeli na kuniita Bibi Ndizi.

Ndugu yangu, kama unayo dispanseri, na vijana wanakuja kwako usiku, usingoje miaka mingi kama mimi. Njoo mchana nikuonyeshe tunavyotenga. Shimo letu lina kufuli, na ufunguo ninao mimi.