Nyumba ya Kwanza Dar es Salaam: Mtaa Upi?

Umeuza mazao, umeweka akiba, sasa wataka nyumba mjini. Dar es Salaam wanayo desturi njema: nyumba ya Kiswahili, yenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma. Mwenyewe hukaa vyumba viwili, vilivyobaki hupangisha, na kodi humrudishia fedha zake polepole.

Lakini mtaa upi? Haya, tuifuate Barabara ya Morogoro kutoka mjini. Kwanza twateremka Jangwani, bonde la Mto Msimbazi. Kariakoo ni karibu, lakini mto hufurika. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, Serikali ilihamishia watu Mabwepande. Basi bei ndogo isikudanganye.

Tukipanda twafika Magomeni, mtaa wa viwanja vilivyopimwa. Mbele ni Manzese, ambako wengi walijijengea bila ramani. Kote huko wapangaji hawakosi, maana tangu 2016 mabasi yaendayo kasi hupita hapo, kutoka Kimara hadi Kivukoni.

Usitoe fedha kabla hujaona karatasi za kiwanja na kuwauliza majirani. Tena nenda wakati wa masika, uyaone maji yanakopita. Akiba ya miaka mingi isichukuliwe na mvua ya usiku mmoja.