Kutoka Posho hadi Pointi

Zamani semina ilijenga nyumba. Aliyekuwa kazini Babati mwaka 2002, Mkoa wa Manyara ulipomegwa kutoka Arusha, anajua ninachosema. Mji wetu uligeuka makao makuu ya mkoa; ofisi zikafunguliwa, viwanja vikapimwa, na barua za mialiko zikaanza kumiminika: semina Arusha, warsha Dodoma, mafunzo Dar es Salaam. Posho ya kujikimu ililipwa mkononi kwa kiwango kimoja, na mtu kalala wapi ilikuwa siri yake. Aliyepewa fedha ya hoteli alijibanza gesti ya Kaloleni au Ngarenaro, akala wali maharage, akarudi Babati na chenji. Chenji hiyo ndiyo iliyonunua saruji.

Mimi ni mhasibu wa shirika linalohudumia wakulima, na mafaili ya masurufu yote yamepita mezani kwangu. Jioni nikikatiza Maisaka au Bagara niliziona fedha zile zile zikiwa zimesimama wima: msingi huu ni wa warsha ya mbegu za mbaazi, lenta ile ni ya mafunzo ya ukaguzi, mabati yale ni ya mkutano wa mwaka. Yetu ilijengwa hivyo hivyo. Mume wangu, ambaye ni mwalimu wa sekondari, mpaka leo hukiita chumba cha watoto “Morogoro”, kwa kuwa kilipauliwa nilipotoka semina huko.

Gesti nazo zilikuwa na namna yao ya kumtuza mteja, na hiyo niliijua tangu utoto kwa sababu mama alisimamia moja karibu na stendi. Babati imekaa juu ya ile barabara kuu ya kaskazini ambayo wakoloni waliota ingeunganisha Cape Town na Cairo. Kabla ya lami, masika yakikolea, malori ya Singida na mabasi ya Kondoa yalikwama, abiria wakalala hapa wapende wasipende. Kitabu cha wageni kilidai jina, kabila, kazi, utokako na uendako. Lakini dereva aliyezoeleka hakuulizwa lolote. Alitunziwa chumba cha uani kisichosikia kelele za stendi, alipelekewa ndoo ya maji ya moto kabla hajaomba, na akiishiwa aliambiwa atalipa akirudi. Kasoro ya heshima hiyo ilikuwa moja tu: haikuvuka barabara. Dereva akihamishiwa njia ya Mwanza au Tanga, alianza upya kama mgeni yeyote.

Kusafiri nje ya nchi, kwa watu wa nyumbani kwetu, kulikuwa na maana moja: kwenda Nairobi kwa mama mdogo. Aliolewa Majengo, Pumwani, kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza haijavunjika. Mwaka 1977 mpaka ulifungwa, na mama hakumwona tena mdogo wake mpaka ulipofunguliwa mwaka 1983. Baada ya hapo walifidia. Nilipokuwa msichana tulifunga safari na mfuko wa mchele wa Magugu, tukalala Arusha, tukafika Namanga, tukapanga foleni ya kugonga muhuri upande wa Tanzania, tukavuka kwa miguu mzigo ukiwa kichwani, tukapanga foleni nyingine upande wa Kenya. Nairobi niliyoijua ilikuwa Gikomba, Marikiti na jiko la mama mdogo. Siku niliyosimama barabarani kulishangaa jengo la KICC, mama alinivuta mkono: tumekuja arobaini ya marehemu, hatukuja kutazama maghorofa.

Hakuwa mkali, alisema mambo yalivyokuwa. Watalii tuliwafahamu vizuri. Walipita na magari yao kwenda Tarangire. Wengine, kama wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Södertörn cha Sweden, walikuja Babati kwa masomo ya nyanjani, wakazunguka sokoni na madaftari. Kuzurura mji wa watu kwa kuangalia tu, bila msiba, harusi wala biashara, tulikuona ni shughuli ya Wazungu.

Mabadiliko yalianzia kwenye karatasi. Mwaka 2010 zilikuja mashine za EFD, na wafadhili wakaanza kudai risiti zake. Mwishoni mwa 2015 Rais Magufuli akakata safari za nje na mikutano ya hotelini kwa watumishi wa serikali. Jirani zangu wa halmashauri walilisikia baridi hilo mara moja. Mashirika yalikuwa na presha yake. Ofisini kwetu iliamuliwa kwamba fedha ya malazi isitolewe tena mkononi: mtu alale kwenye hoteli iliyokubaliwa, alipe, alete risiti, arejeshewe shilingi kwa shilingi. Waraka huo niliuandika mimi. Mwenzangu mmoja alikuja mezani kwangu akauliza kwa upole kabisa kama fundi wake atakubali kuezeka kwa risiti.

Chenji ikafa, na hapo ndipo pointi zilipopata nafasi. Jambo lenyewe si geni duniani. Holiday Inn na Marriott, makampuni ya Marekani, yalianza kuwatuza wateja kwa pointi mwaka 1983, mwaka ule ule mama alipomkumbatia tena mdogo wake. Kwetu lilichelewa. Marriott ilizinunua hoteli za Protea za Afrika Kusini mwaka 2014, na mwaka 2016 ikaimeza Starwood, mwenye Sheraton na Four Points. Hata The Arusha Hotel, ile ya kale pale Mnara wa Saa, ikaja kubeba jina la Four Points. Mwaka 2019 uanachama wote ukawekwa chini ya jina moja, Bonvoy. Siku moja mhudumu wa mapokezi aliniuliza kama mimi ni mwanachama. Nikajisajili kwa simu nikiwa nimesimama, begi begani, kwa kuwa ilikuwa bure.

Mhasibu hawezi kuona hesabu akaipita. Katika hoteli nyingi za kundi lile, dola moja ya chumba huzaa pointi 10. Usiku wa dola 100 ni pointi 1,000. Pointi huingia ukilipa bei ya hoteli yenyewe, na chumba kilichonunuliwa kupitia wakala wa mtandaoni kwa kawaida hakizai kitu. Akaunti ikikaa miezi 24 bila kuguswa, pointi hufutwa. Tangu 2022 bei ya chumba kwa pointi hupanda na kushuka kufuata msimu, kwa hiyo mwenye subira hupata nafuu. Na ukilala usiku tano mfululizo kwa pointi, mmoja hulipii.

Haikuchukua muda swali likafika kwenye kikao: chumba kimelipiwa na ofisi, pointi ni za nani? Nilieleza kwamba akaunti hufunguliwa kwa jina la mtu na ofisi haina namna ya kuzipokea, ila ipo hatari ya msafiri kuchagua chumba cha ghali ili avune zaidi. Tukakubaliana: pointi ni za aliyelala, hoteli inachaguliwa na ofisi. Vijana walishangilia. Wazee wa posho walicheka tu. Pointi haichanganywi na mchanga, walisema, na hawakukosea. Nilikuwa na utulivu wa kuzikusanya kwa sababu kuta zangu zilikuwa zimeshasimama. Waliokuja kazini baada ya waraka ule wanajenga kwa mkopo wa benki.

Ikaja korona. Mwaka 2020 semina zilihamia kwenye Zoom, na makundi ya hoteli yakasogeza mbele tarehe ya pointi kufa. Safari ziliporejea, akaunti ilianza kunona, na nikamwambia mume wangu kwamba likizo ya Juni 2023 tungekwenda Nairobi kutembea. “Kuna nini huko?” akauliza. Nikamwambia hakuna kitu, tunakwenda kutembea. Ilibidi nirudie.

Njia yenyewe ilikuwa imebadilika. Babati hadi Arusha ni lami tupu, na Namanga, tangu kituo cha pamoja kifunguliwe rasmi Desemba 2018, unahudumiwa na nchi zote mbili ndani ya jengo moja. Tulifikia Four Points ya Hurlingham. Chumba hakikutugharimu shilingi. Kifungua kinywa hakikuwamo, basi asubuhi tulitoka kutafuta kibanda cha chai na mandazi. Tulikwenda Makumbusho ya Taifa, tukasimama mbele ya mifupa ya yule kijana wa Turkana aliyefukuliwa mwaka 1984. Tulikwenda makumbusho ya reli, tukaliona behewa ambamo simba alimkamata ofisa wa polisi, Charles Ryall, pale Kima mwaka 1900. Mume wangu, mtu wa mji usiofikiwa na reli, alikaa kwenye mabehewa yale mpaka nikamwita mara ya tatu. Katikati ya jiji mnara wa Hilton, uliofunguliwa mwaka 1969, ulikuwa umefungwa tangu mwisho wa 2022. Nilifikiria walioweka pointi zao wakingoja kulala pale.

Siku ya pili tukaenda Majengo na mchele wetu wa Magugu. Mama mdogo alitupokea kwa furaha mpaka alipouliza begi ziko wapi.

“Hotelini, mama.”

“Mmelala hotelini? Kwani mimi nimekufa?”

Mume wangu akajaribu kuokoa jahazi: hatukulipa, tumelala kwa pointi. Akataka aelezwe. Nikamweleza yote, dola na usiku, Arusha na Dar es Salaam. Alisikiliza huku akichambua mchele.

“Kwa hiyo umelala kwa watu mara nyingi, wamekuhesabia, sasa wanakulipa.”

“Ndiyo, mama.”

“Mimi nimekupikia tangu huna meno. Zangu ziko wapi?”

Sikuwa na jibu. Nilichoweza ni kumuuliza kama aliwahi kupanda KICC. Hakuwahi. Aliolewa Nairobi jengo likiwa jipya, maana lilikamilika mwaka 1973, na miaka yote hiyo alilipita akienda hospitali au sokoni. Kesho yake tulimchukua. Ghorofa 28, kisha paa. Alishika ukingo, akaitafuta Pumwani kwa kidole, akaipata, akatuonyesha kila kitu kana kwamba jiji ni lake, na kwa kweli ni lake kuliko letu: hapa aliuguza mumewe, pale palikuwa na kituo cha basi lililomleta dada yake mwaka 1983. Ziara niliyoipanga kwa pointi ilipata mwenyeji siku hiyo. Usiku wa mwisho tulilala kwake Majengo, na chumba cha Hurlingham tukakiacha wazi. Mhasibu ndani yangu aliumia kidogo.

Bado nakusanya. Dada zangu wa ofisini sasa wanazungumza Zanzibar na Dubai, na wananiletea simu zao niwapigie hesabu. Mama mdogo hupiga simu kila mwezi, na baada ya salamu za watoto na mvua, huuliza akaunti imefika wapi.

“Ikijaa usinifiche,” aliniambia juzi. “Safari hii vyumba viwili, na changu kiwe cha ghorofani.”