Nargis, mwanamke aliyejua kusema hapana

Ukiwauliza wasichana wa rika langu mwigizaji wanayemzimia, wengi watakutajia staa wa Bongo Movie, Mnaijeria, au wale wa tamthilia za Kituruki zinazotufanya tuunguze mboga kila jioni. Wangu mimi alifariki dunia tarehe 3 Mei, 1981, miaka mingi kabla sijazaliwa. Anaitwa Nargis. Amenichekesha, ameniliza, na zaidi ya yote amenisaidia kuongea na mchumba wangu kuhusu kitu ambacho wachumba wengi tunakikwepa mpaka maji yafike shingoni: pesa.

Ninafanya kazi Isaka, kwenye ofisi ya wakala wa forodha. Kwa usiyepajua, Isaka ni mji mdogo mkoani Shinyanga, kwenye reli ya kutoka Tabora kwenda Mwanza. Pana bandari kavu, ambako makontena yaliyokuja kwa treni kutoka Dar es Salaam hupakiwa kwenye malori ya kwenda Rwanda na Burundi. Ni mji wa kusubiri. Madereva wanasubiri karatasi, sisi tunasubiri treni, mama ntilie wanatusubiri sote. Jioni ikiingia, usipokuwa mtu wa baa, kinachobaki ni runinga.

Mama mwenye nyumba ninakopanga ni mjane wa mfanyakazi wa reli. Siku moja mwaka 2022 alinikuta nafuta machozi mbele ya tamthilia, akacheka. "Mwanangu," akaniambia, "hao wenu wanalia huku wanajitazama kwenye kioo. Katafute Mother India, ulie kilio cha kweli."

Nikaenda kwa kijana anayeweka filamu kwenye flashi pale stendi. Akanitazama kama nimeomba kaseti. "Hiyo ya wazee hiyo, dada. Njoo kesho." Kesho yake alikuwa ameipata, na Awaara na Shree 420 akanitupia kama nyongeza.

Karibu saa tatu za Mother India tuliziangalia mimi na mama huyo, sahani ya michembe na karanga katikati yetu. Hajui Kihindi hata neno la kuombea maji, na yale maandishi ya Kiingereza ya chini ya picha hayafuati. Lakini alinitafsiria picha nzima! "Hapa mkwe ameshakopa, hajamwambia mtu." "Subiri, mafuriko yanakuja." Aliiona akiwa msichana, ukumbi wa Avalon, Dar es Salaam, na aliporudi nyumbani akawasimulia wadogo zake ambao hawakuwa na pesa ya tiketi. Nikajisemea moyoni, kumbe kabla ya Lufufu na wenzake kuanza kututafsiria picha kwenye mabanda ya video, akina mama walishaifanya kazi hiyo bure, jikoni.

Huyu Nargis ni nani hasa?

Jina lake la kuzaliwa ni Fatima Rashid, na alizaliwa tarehe 1 Juni, 1929, katika mji wa Calcutta. Mama yake, Jaddanbai, alikuwa mwimbaji, mtunzi wa muziki na mtengenezaji wa filamu katika zama ambazo wanawake wa kazi hizo walikuwa wa kuhesabu. Mtoto alianza kuonekana kwenye filamu mwaka 1935, na mwaka 1943 mwongozaji Mehboob Khan akampa nafasi kubwa katika Taqdeer akiwa na miaka 14.

Miaka ya 1950 ndiyo iliyompaisha, hasa alipoigiza na Raj Kapoor. Awaara, ya mwaka 1951, ilivuka mipaka ya India na kuitikisa dunia. Katika Urusi ya Kisovieti peke yake iliangaliwa na watu zaidi ya milioni 60. Kwetu Afrika Mashariki nako picha za Kihindi zilijaza kumbi, kuanzia Unguja hadi Dar es Salaam. Mwanahistoria Mmarekani, Laura Fair, alichapisha mwaka 2018 kitabu kizima, Reel Pleasures, kuhusu Watanzania na senema zao, kilichojaa kumbukumbu za wazee wetu waliovaa nguo zao nzuri kwenda kuangalia picha. Kwa hiyo bibi yako anayejifanya hajui mambo ya mapenzi, hebu mtajie Raj Kapoor na Nargis, kisha mwangalie usoni.

Anapenda, lakini macho yako wazi

Baada ya Mother India sikulala. Wiki ile ile nikamaliza na zile mbili za nyongeza, bando likakata, nikaongeza jingine kutafuta nyingine mtandaoni. Ndipo nikaanza kuona kitu kinachojirudia.

Katika Awaara, Nargis ni Rita, mwanasheria. Hebu fikiria, mwaka 1951 mwanamke anasimama mahakamani na joho lake kumtetea mwanaume anayempenda, tena akimhoji kizimbani jaji aliyemlea yeye mwenyewe. Raj ni mwizi, na Rita anajua. Anamtetea kwa nguvu zake zote, lakini hamwombi atoroke wala hamfichi. Raj anakwenda jela miaka mitatu, na Rita anasema atamsubiri.

Siwezi kukuficha kwamba kuna sehemu sikuipenda. Kule ufukweni Raj anampiga Rita, na Rita anaipokea kama sehemu ya mapenzi. Pale nilisimamisha picha nikaenda kunywa maji. Kila zama na upofu wake, na shabiki wa kweli halazimiki kupiga makofi kila mahali.

Shree 420, ya mwaka 1955, ndiyo ninayoipenda kwa macho. Wengi wanaijua kwa ule wimbo wa mvua, wapenzi wawili chini ya mwavuli mmoja, kila mmoja akimsukumia mwenzake mwavuli asilowe. Hakuna busu, hakuna shuka, na bado unajisikia kama unachungulia faragha ya watu. Nargis ni Vidya, mwalimu wa watoto maskini. Raj anaingia mjini na medali yake ya uaminifu, anaiweka rehani, halafu anaanza kupata pesa za utapeli. Suti, magari, karamu. Siku anapompeleka Vidya kwenye karamu ya matajiri, binti wa watu anaona ni nani mpenzi wake amegeuka kuwa. Anaondoka. Anampenda bado, usoni kunasoma hivyo, lakini anaondoka.

Hapo ndipo Nargis aliponimaliza. Wanawake anaowaigiza wanapenda mpaka mwisho, lakini mapenzi yao yana mstari, na ukiuvuka watakwambia hapana huku machozi yanawatoka.

Harusi iliyoanza na mkopo

Sasa turudi kwenye Mother India, ya mwaka 1957, filamu ya kwanza ya India kuteuliwa kugombea Oscar. Nargis ni Radha, bibi harusi mpya kijijini. Muda si mrefu anagundua kwamba mama mkwe alikopa rupia 500 kwa ajili ya harusi yao, kwa mkopeshaji anayeitwa Sukhilala. Shamba limewekwa rehani, na robo tatu ya mavuno inakwenda kulipa riba. Robo tatu! Deni lenyewe liko pale pale, halipungui.

Ukizaliwa Usukumani picha ile haikupiti kando. Tunalijua jembe la kukokotwa na ng'ombe, tunajua maana ya ng'ombe kufa msimu wa kulima. Bangili za dhahabu za Radha zinaishia mkononi mwa Sukhilala. Katika jitihada za kufufua shamba la mawe, jiwe kubwa linamponda mumewe, Shamu, na anapoteza mikono yote miwili. Usiku mmoja anaondoka kimya kimya, asirudi tena. Mafuriko yanakuja, njaa inakuja, na Radha anajifunga jembe begani na kulivuta mwenyewe. Mkopeshaji anamtaka mwili wake kwa bei ya chakula cha watoto. Anakataa.

Mwanaye Birju anakua na kisasi kifuani, anataka kuzirudisha bangili za mama. Anageuka jambazi. Siku anapomteka binti wa Sukhilala siku ya harusi yake, Radha anamwonya, kisha anampiga risasi mtoto wake wa kumzaa. Nargis alikuwa hajafika miaka 30 alipoigiza mwanamke huyo kuanzia bibi harusi hadi bibi wa mvi, na nilimwamini kila umri.

Wakati naiangalia picha hii kwa mara ya pili, kamati yetu ya harusi ilikuwa inakaa kila Jumapili. Bajeti ilikuwa ya watu 350, michango ilikuwa haijafika nusu. Mchumba wangu anafanya kazi mgodini, upande wa Kakola, na ukoo wao ni mkubwa. Mjumbe mmoja akaleta wazo la mkopo wa haraka, wa wale watu wasiouliza maswali mengi. Wenyewe mtaani tunauita kausha damu. Mchumba wangu akaniambia, "Tutalipa taratibu tukishaoana."

Nikamwambia hapana. Tukazozana kwenye simu mpaka salio likaisha.

Alipokuja mapumziko yake ya shifti sikumpa hotuba. Nikamwekea Mother India. Mwanzoni alikuwa anachezea simu. Ilipofika sehemu ya wazee wa kijiji kukaa kuamua lile deni, na mkopeshaji akashinda kwa sababu karatasi ina dole gumba la mama mkwe asiyejua kusoma, simu ikawekwa mezani. Ilipofika Shamu anaondoka usiku, akaguna.

"Huyu jamaa mjinga," akasema. "Mke wake alikuwa hajamkimbia. Si angebaki tu?"

"Alikuwa anaona aibu," nikamjibu.

Akanyamaza muda mrefu. Picha ilipokwisha akasema hiyo ni filamu tu, maisha ni mengine, akaenda kulala kwa kaka yake Kahama. Siku tatu hakupiga simu. Ya nne akapiga, na kwa mara ya kwanza akaniambia kilichokuwa kinamkaba. Baba yake mdogo aliwahi kudharauliwa ukoo mzima kwa kufunga ndoa ya soda na biskuti, na yeye alijiapiza yasimkute. Miaka miwili ya uchumba nilikuwa sijawahi kuisikia habari hiyo.

Tulifunga ndoa mwaka 2023, watu 110, pilau lilipikwa uani kwa mama yake. Hatukukopa senti. Kuna mashangazi ambao hawakupata kadi na mpaka leo salamu zao ni za mdomoni tu, na mume wangu bado zinamuuma. Nami sijifanyi hazimuumi. Lakini mwezi wa kwanza wa ndoa tulikula mshahara wetu wote wawili, hakuna aliyekuja kugonga mlango.

Nje ya skrini

Kinachonifanya nimpende zaidi ni kwamba maisha yake mwenyewe hayakuwa mteremko. Uhusiano wake na Raj Kapoor, aliyekuwa na mke na watoto, ulikuwa ukizungumzwa India nzima, na mwisho wake aliondoka. Mwaka 1957, wakiigiza Mother India, moto wa kwenye seti ukamzingira. Kijana aliyeruka kumwokoa alikuwa Sunil Dutt, yule yule anayeigiza kama mwanaye Birju! Walioana tarehe 11 Machi, 1958, wakapata watoto watatu, mmoja wao Sanjay Dutt ambaye sote tunamjua. Alipunguza sana kuigiza, lakini akarudi kwa Raat Aur Din, ya mwaka 1967, akicheza mke mwenye nafsi mbili, na ikampa tuzo ya taifa. Saratani ya kongosho ilimchukua siku chache kabla ya Rocky, filamu ya kwanza ya mwanaye kama nyota, kuzinduliwa. Kwenye onyesho lile kiti chake kiliachwa wazi.

Uanzie wapi?

Kama mko wawili na mnataka jioni tamu, anzeni na Shree 420. Awaara iwekeni siku mnayotaka kubishana kidogo, hasa ile sehemu ya ufukweni. Muulize mwenzako anaionaje, na msikilize vizuri anavyojibu. Raat Aur Din ni ya usiku wa mvua.

Mother India iangalieni kabla kamati ya harusi haijakaa kikao cha kwanza. Andaeni leso, na simu ziwekeni mbali. Na kama kuna mama wa makamo mtaani kwenu, mkaribisheni. Huenda anaijua yote kwa kichwa, na amekuwa akingoja miaka 40 mtu wa kumsimulia.