Nilivyojifunza Kuteremka Mlima Nikiwa Mtu Mzima

Ndugu msomaji, wewe uliyezaliwa au kuhamia Arusha huna haja ya kuelezwa Mlima Meru uko wapi. Ukifungua mlango asubuhi pale Sakina, Ngarenaro au Kaloleni unauona umesimama, mara umejitanda mawingu, mara uko wazi kabisa hadi kwenye kilele chake cha meta 4,566. Tunautumia mlima huu kubashiri mvua, kuwaelekeza wageni njia, na kujigamba tunapokuwa Dar es Salaam. Lakini ni wangapi miongoni mwetu waliokwisha kuukanyaga? Mimi nimeishi chini yake kwa miaka 36, na hadi mwaka jana sikuwa nimefika hata kwenye lango la Momella.

Sababu niliyokuwa nikiitoa ni ile tunayoitoa sote: kwamba kupanda mlima ni mambo ya wageni wenye fedha na muda wa kupoteza. Leo napenda kukiri mbele yako kwamba hiyo haikuwa sababu yangu ya kweli. Sababu ya kweli ilikuwa aibu. Sikutaka kuonekana nikihema, nikianguka, nikishikwa mkono na kijana mdogo. Aliyenitoa katika aibu hiyo ni mwanangu wa kiume, aliye darasa la tatu.

Siku moja alirudi kutoka shule akatangaza kwamba hatasoma tena kwa sauti mbele ya wenzake. Alikuwa amekwama katika neno moja refu, na darasa zima likaangua kicheko. Nami, kama mzazi yeyote, nikampa nasaha: asiogope, kwa maana kila mtu hujifunza kwa kukosea. Akanitazama kwa makini, kisha akaniuliza, "Mama, wewe mwaka huu umekosea nini?"

Nilitafuta jibu, nikalikosa. Si kwamba mimi ni mkamilifu, la hasha! Ni kwamba kwa miaka mingi nilikuwa nimefanya yale tu niliyokwisha kuyajua. Naandika habari kwa sababu nilisomea kuandika habari. Napika vyakula vile vile alivyonifundisha mama. Sikuwa nimejiweka mahali popote ambapo ningeweza kuchekwa.

Nilimkumbuka bibi yangu. Serikali ilipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, bibi alikuwa mama wa watoto sita na hajui kusoma hata jina lake. Miaka michache baadaye alijiunga na darasa la jioni, akiwa na umri unaolingana na wangu wa sasa. Alikuwa akitusimulia kwamba herufi hazikumsumbua sana. Kilichomsumbua ni kukaa kwenye benchi huku watoto wake mwenyewe wakipita na kumchungulia. Hata hivyo alikaa, na hadi alipofariki dunia alikuwa akijisomea barua zake bila kumwomba mtu.

Basi wafanyakazi wenzangu walipoanza kuchangishana kwa ajili ya safari ya siku nne mlimani, nikajiandikisha. Ada anayotozwa mwananchi ni ndogo kuliko ya mgeni, na viatu nilivikodi mjini. Jirani yangu aliponiona navijaribu uani aliniuliza, "Mama watoto, huko juu umeweka nini?" Nikacheka tu, kwa maana jibu sikuwa nalo.

Sitakuchosha kwa habari za siku mbili za kwanza. Askari wa hifadhi hutangulia na bunduki yake kwa sababu ya nyati na tembo. Unapita twiga, halafu msitu mzito wenye unyevu, na usiku wa kwanza unalala Miriakamba. Siku ya pili unapanda ngazi baada ya ngazi hadi kwenye vibanda vya Saddle, kwenye kimo cha meta 3,570. Nilikuwa wa mwisho siku zote mbili. Kiongozi wetu, kijana wa Kimeru asiyezidi miaka 25, hakuchoka kuniambia, "Pole pole, dada. Kutangulia si kufika."

Jioni ile kibandani, tukiota joto la vikombe vya chai, mwenzetu wa dawati la michezo alitusimulia habari za Philip Boit, jirani yetu wa Kenya. Boit alizaliwa Eldoret mwaka 1971 na alikuwa mkimbiaji wa meta 800. Hakuwa ameiona theluji kwa karibu mpaka Februari 1996, alipokwenda Finland pamoja na Henry Bitok, kwa gharama za kampuni ya viatu ya Nike, kufundishwa mchezo wa skii. Skii, kwa msomaji asiyezijua, ni vipande viwili virefu na vyembamba, ambavyo zamani vilikuwa mbao tupu, vinavyofungwa chini ya viatu. Mchezaji hushika fimbo mbili mikononi akateleza juu ya theluji. Watoto wa nchi zile hufungwa skii wakiwa wadogo mno. Boit alianza akiwa na miaka 24.

Miaka miwili baadaye, Februari 1998, alisimama kwenye mstari katika Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi huko Nagano, Japani. Alikuwa Mkenya wa kwanza kushiriki michezo hiyo. Mbio zilikuwa za kilometa 10, na mshindi alikuwa Bjørn Dæhlie wa Norway. Boit alimaliza wa 92, yaani wa mwisho, dakika 20 hivi baada ya mshindi. Lakini Dæhlie alikataa kwenda kuvishwa nishani yake mpaka Mkenya yule afike, na alipofika alimkumbatia. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Naye hakuishia hapo: alishiriki tena Salt Lake City mwaka 2002 na Turin mwaka 2006.

Wenzangu walizungumzia sana kumbatio lile. Mimi nililala nikiwaza ile miaka miwili ya kabla yake. Nilijaribu kumwona mwanariadha mzima, mtu anayeheshimika kwao, akijifunza kusimama kama mtoto anayeanza kutembea, katika baridi ambayo hajapata kuijua na mbele ya watu wasiojua hata lugha yake. Hakuna mpiga picha anayeamka mapema kwenda kupiga picha za mambo kama hayo.

Saa saba usiku tuliondoka kwenda kileleni. Kilele hicho huitwa Socialist Peak, yaani Kilele cha Ujamaa. Baada ya Rhino Point njia hufuata ukingo wa shimo la volkano, juu ya mawe na majivu. Unapiga hatua mbili, unarudi nyuma moja. Kabla ya mapambazuko kichwa kilianza kunipasuka, kisha nikatapika. Nilisema naweza kuendelea. Kiongozi alinimulika taa usoni akasema, "Dada, mlima hauhami. Maumivu haya dawa yake ni kushuka." Wenzangu wakaendelea na askari pamoja na kiongozi wa pili, mimi nikageuzwa.

Sikufichi kwamba nilitokwa na machozi. Tulipokuwa bado ukingoni jua likachomoza. Chini yetu, ndani ya shimo, kilisimama kile kilima cha majivu cha mlima huu ambao ulilipuka mara ya mwisho mwaka 1910. Na mbele kabisa, upande wa mashariki, ilionekana Kibo ya Kilimanjaro. Nikakumbuka jambo jingine alilotusimulia mwenzetu: kwamba mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, waliteremka Kibo kwa skii. Mpaka leo barafu moja ya huko juu inaitwa Furtwängler. Lakini zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwako mwaka ule imekwisha kuyeyuka, na nilichokiona asubuhi ile kilikuwa utando mwembamba tu mweupe.

Hapo ndipo somo langu lilipoanza, ndugu msomaji, kwa maana tulifika kwenye mteremko wa majivu. Nilipiga hatua ya kwanza nikaanguka kwa matako. Nikainuka, nikaanguka tena. Mara ya tatu niliteleza meta kadhaa na suruali yangu ikajaa majivu. Kiongozi aliyekuwa amejizuia kwa heshima akashindwa, akacheka kwa sauti kubwa. Nilimtazama kwa hasira; halafu nikajiona nilivyo, mama mzima nimekaa juu ya majivu kama kifaranga anayeoga vumbi, nami nikacheka.

"Unaanguka kwa sababu unaogopa," aliniambia. "Unaogopa, unaegemea nyuma. Ukiegemea nyuma miguu inakukimbia. Kunja magoti, peleka kifua mbele, acha kisigino kizame."

Kupeleka kifua mbele penye mteremko ni jambo ambalo mwili wote unalikataa. Lakini nilifanya, kisigino kikazama, majivu yakanibeba hatua moja ndefu, nikasimama. Nikafanya tena. Mahali tulipopanda kwa saa nzima usiku tuliteremka kwa dakika chache, nami nilikuwa nikipiga kelele za furaha ambazo sijazipiga tangu utotoni.

Baadaye nilisoma kuhusu mafunzo ya skii nikastaajabu. Walimu wa mchezo ule huanza na kuanguka na kuinuka. Kisha humfundisha mwanafunzi kupunguza mwendo na kusimama, kwa kukutanisha ncha za mbele za skii na kupanua za nyuma mpaka zifanye umbo la kabari. Na kosa wanalolirekebisha kila siku kwa mtu mzima anayeanza ni lile lile langu: hofu humvuta nyuma, na akiegemea nyuma skii hazimtii tena. Mtoto ana nafuu, kwa sababu huanguka kutoka karibu na ardhi. Mtu mzima huanguka pamoja na cheo chake, ndiyo maana huumia zaidi.

Wenzangu walirudi na vyeti vya kufika kileleni. Mimi nilirudi na suruali iliyotoboka. Mwanangu alinipokea mlangoni.

"Ulifika juu?"

"Sikufika. Niliugua, nikarudishwa."

"Ulianguka?"

"Mara tatu, kabla ya kufundishwa."

"Walikucheka?"

"Kiongozi alinicheka sana. Nami nikacheka."

Hakusema neno. Baada ya chakula cha usiku alileta kitabu chake cha kusoma, akaketi kando yangu, akaanza. Katika mstari wa nne akakutana na neno "walichokubaliana", akakwama. Aliinua macho kunitazama. Lile neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu, na nilitamani mno kumtamkia ili tuendelee mbele. Nilijizuia. Akalivunja vipande, akakosea, akarudi mwanzo, akakosea tena, na mara ya tatu akalitamka lote.

Sitakudanganya kwamba mambo yote yamekuwa mepesi. Darasani bado hanyooshi mkono kuomba kusoma. Lakini nyumbani husoma kila jioni, nami sasa namwonyesha mambo ninayoyakosea. Mwaka huu, Mungu akijalia, nitakwenda tena Meru. Huenda nisifike kileleni safari hii pia.

Nawe, ndugu msomaji, nakuomba jambo moja dogo Jumapili hii. Mwanao akikuuliza mwaka huu umekosea nini, uwe na jibu.